Kisiki hai, ngitili, msitu wa kijiji au miche: ipi inakifaa kijiji chenu?

Kijiji kikishakubaliana kwamba mlima uliobaki uchi urudishiwe miti, neno linalofuata karibu kila mara ni "miche". Mwenyekiti anaulizia miche halmashauri, diwani anaahidi miche, na mfadhili akifika anafika na miche kwenye gari. Mimi nasema miche iulizwe mwisho. Hapa Tanzania tuna njia nne ambazo wananchi wamezijaribu kwa miaka mingi, na tatu kati yake zinaweza kuanza bila kitalu chochote. Naziweka hapa pamoja ili kamati ya maliasili, kikundi cha vijana au familia yenye ekari zake ione ipi inaendana na ardhi yao, mifugo yao na mfuko wao.

Njia zenyewe ni kisiki hai, yaani kutunza machipukizi ya visiki vilivyomo shambani. Ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Msitu wa hifadhi wa kijiji, unaotengwa kwa sheria na kusimamiwa na kijiji chenyewe. Na kupanda miche, iwe ya miti ya asili au ya biashara kama misindano, mikaratusi na mitiki. Ipo pia ya tano, usimamizi wa pamoja kati ya kijiji na Serikali katika misitu ya hifadhi ya Taifa au ya halmashauri. Hiyo kijiji hakiwezi kuiamua peke yake, kwa sababu msitu unabaki wa Serikali. Ushauri wangu kwake ni mmoja: msifanye doria hata siku moja kabla mkataba haujasainiwa na kuonyesha wazi kijiji kitapata nini.

Kwanza angalieni kilichomo ardhini

Eneo linaloonekana limekufa mara nyingi halijafa. Sehemu kubwa ya misitu yetu ni miombo, misitu ya wazi ya nchi zenye kiangazi kirefu, na miti yake ikikatwa huchipua upya kutoka kwenye kisiki na kwenye mizizi. Mizizi ile imekaa ardhini miaka mingi, ina akiba ya chakula na imeshafika kwenye unyevu ambao mche wa kitalu hautaufikia kwa misimu kadhaa. Ndiyo sababu chipukizi la kisiki linaweza kumpita mtu urefu ndani ya miaka miwili mitatu, wakati mche uliopandwa siku hiyohiyo bado unapigana na jua na mchwa.

Miti ya miombo kama mtundu na myombo ukiiotesha kwa mbegu inakua polepole mno. Mninga una tabia ya kipekee: mche wake hufa sehemu ya juu kila kiangazi na kuchipua tena mvua zikianza, miaka kadhaa mfululizo, huku ukijenga mzizi chini, ndipo siku moja unapanda juu moja kwa moja. Anayepita anadhani hakuna kitu pale. Kumbe mninga upo, unachomwa moto kila mwaka na kulishwa mbuzi, na haujawahi kupewa nafasi.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakihitaji mtaalamu. Tembeeni eneo lenu mvua zikianza, visiki vinapochipua na majani mapya yanaonekana vizuri. Nendeni na wazee na wachungaji, maana wao wanaijua miti kwa majina yake hata ikiwa imefika kwenye kifundo cha mguu tu. Mkikuta machipukizi kila hatua chache, msitu upo tayari, unasubiri kulindwa. Mkikuta ardhi tupu, mmomonyoko mkubwa, au shamba lililopigwa trekta miaka mingi hadi visiki vikang'oka vyote, hapo mazungumzo ya miche yana maana.

Kisiki hai na miche, shamba kwa shamba

Dodoma na mikoa ya jirani njia hii imeenezwa sana tangu 2018 kwa jina hilohilo la Kisiki Hai, kwa kazi ya shirika la LEAD Foundation na wenzao wa shirika la Justdiggit. Hatua ni nne: chagua, pogolea, weka alama, tunza. Mkulima anachagua kisiki chenye machipukizi, anabakiza machache yaliyonyooka na yenye afya, mengine anayakata. Yale aliyobakiza anayapogolea matawi ya chini hadi karibu nusu ya urefu wake. Anafunga kitambaa kwenye mti ili mchungaji na mpita njia ajue una mwenyewe. Kisha anarudi mara kwa mara kuondoa machipukizi mapya na kuwazuia mbuzi.

Gharama yake ni panga na muda. Faida ya kwanza inaonekana siku ileile ya kupogolea: kuni. Kwa mama anayetembea nusu siku kutafuta kuni, mzigo unaotoka kwenye shamba lake mwenyewe ni kipato kamili, hata kama hakuna aliyeuandika popote. Miaka inayofuata kunakuja fito, majani ya mifugo, kivuli, na udongo unaoshika maji. Kwenye miteremko, ukiunganisha na makinga maji, mtama na mahindi huanza kuonyesha tofauti.

Sasa weka miche pembeni yake. Unahitaji mbegu, viriba, udongo wa kitalu, maji ya kumwagilia kwa miezi kadhaa, mashimo, usafiri, palizi, na ulinzi uleule unaohitajika kwenye kisiki hai. Kwenye mikoa yenye mvua chache kama Dodoma na Singida, mvua zikikatika katikati ya msimu mche ndio unaotangulia kufa. Naumia nikiona kijiji kimechimba mashimo kwa nguvu zote, watoto wa shule wakabeba maji vichwani, halafu Desemba inayofuata mashimo yaleyale yanachimbwa tena pembeni ya visiki vinavyochipua na ambavyo hakuna aliyevitazama.

Ushahidi mkubwa kuliko wote wa njia ya visiki uko nchini Niger, Afrika Magharibi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, baada ya Tony Rinaudo, mmisionari kutoka Australia aliyekuwa akifanya kazi eneo la Maradi, kuacha miche iliyokuwa ikimfia na kugeukia visiki, wakulima wa Maradi na Zinder walirudisha miti kwenye takriban hekta milioni 5, karibu miti milioni 200. Hapakuwa na jeshi la wapanda miti. Mkulima alimwona jirani yake akivuna, naye akaanza. Lakini jambo ambalo wengi hawalisimulii ni kwamba mambo yalishika kasi pale wakulima walipoanza kuona mti uliomo shambani mwao ni wao. Tangu ukoloni miti ilihesabiwa kuwa mali ya dola, na mtu aliyekata hata mti aliouotesha mwenyewe angeweza kutozwa faini. Walipoachwa waitumie, wakaitunza.

Jambo hilo linatuhusu. Kisiki hai kinakwama kwetu kwa sababu tatu. Ya kwanza ni shamba la kukodi. Anayelima kwa msimu mmoja hana sababu ya kumtunzia mwenye shamba miti, na mwenye shamba akiiona inakua anaweza kumpokonya. Andikianeni, hata kwa mkono, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, kwamba kuni na fito ni za mlimaji muda wote wa makubaliano. Ya pili ni mabua. Baada ya mavuno mashamba mengi huwa wazi kwa mifugo ya kila mtu, na mbuzi hasomi kitambaa chekundu. Bila sheria ndogo ya kijiji inayosema mifugo iingie lini na kwa idhini ya nani, mkulima mmoja hawezi kushinda. Ya tatu ni woga wa sheria. Mkulima anajua mninga na mpingo ni miti inayohitaji kibali, kwa hiyo anaing'oa ikiwa midogo ili isije kumletea matatizo ikiwa mikubwa. Afisa misitu wa wilaya aitwe kijijini aeleze, mbele ya mkutano, utaratibu wa kuvuna na kusafirisha mti uliokua shambani mwa mtu. Elimu hiyo ya saa moja inaweza kuokoa miti mingi kuliko kitalu.

Ngitili: pale ng'ombe ndio benki

Kwenye nchi ya wafugaji kisiki hai peke yake hakitoshi, maana hakuna mfugaji atakayekubali msitu unaomnyima majani. Wasukuma walikuwa na jibu zamani. Ngitili hufungwa mvua zinapoanza, majani yanakua na kukomaa yakiwa yamesimama, na katikati ya kiangazi, wakati kwingine kumekauka, inafunguliwa sehemu baada ya sehemu kwa ajili ya ndama, ng'ombe wa kukamua na maksai wa kulimia. Nyingine ni za familia, za hekta chache. Nyingine ni za kijiji au kitongoji kizima.

Utaratibu huu ulikaribia kufa. Misitu ilifyekwa kupambana na mbung'o, pamba ikachukua ardhi, na watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya Ujamaa miaka ya 1970 waliziacha ngitili zao nyuma bila mwangalizi. Mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa na hekta 600 hivi tu. Mradi ulipofungwa 2004 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, katika vijiji 833 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, ambao ulijumuisha pia wilaya ambazo leo ziko Simiyu.

Ninachotaka kijiji kijifunze hapo ni namna kazi ilivyofanyika. Wataalamu walianza kwa kuwauliza wazee walikuwa wakifanyaje zamani. Maamuzi yalipitia dagashida, baraza la jadi, na ulinzi ukafanywa na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, chombo ambacho tayari watu walikiheshimu na kukiogopa. Faini ilikuwa ya jirani kwa jirani.

Linganisha na Kondoa. Huko mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973 kwa nia njema na sababu halisi, kwa kuwa makorongo ya milima ya Irangi yalikuwa yakitisha. Mwaka 1979 Serikali iliamuru mifugo yote iondolewe kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256. Makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo wakatoka. Uoto ulirudi, na hilo lazima lisemwe kwa haki, kwa sababu makorongo mengi yalitulia na mabonde yakaanza kulimika. Lakini mifugo haikuyeyuka. Ilihamia kwa majirani na mzigo ukaenda nayo, na waliobaki walikosa maziwa na samadi mpaka ufugaji wa ndani uliporuhusiwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Miti ilipona kwa amri. Uhusiano kati ya watu na hifadhi ulichukua muda mrefu zaidi kupona.

Faida ya ngitili iliwahi kupigiwa hesabu. Utafiti wa Wizara ya Maliasili na Utalii na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, uliotolewa 2005 ulikadiria thamani ya vitu ambavyo watu wa Shinyanga walivipata kutoka kwenye misitu iliyorudishwa, kuanzia kuni, malisho, majengo na nyasi za kuezekea hadi dawa, asali, matunda na uyoga, kuwa dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa dola 8.50. Nyingi ya dola hizo hazikupita mkononi kama noti. Zilikuwa ni vitu ambavyo familia haikulazimika kuvinunua.

Udhaifu wake usifichwe. Mwenye ardhi kubwa ana ngitili kubwa, na asiye na ardhi ana nafasi ya kuomba tu. Mjane mwenye ekari mbili hawezi kufunga ekari moja. Msitu ukirudi, wanyama na ndege waharibifu nao wanarudi, na wanaoumia kwanza ni wenye mashamba yanayopakana nao. Kwa hiyo kijiji kinachochagua ngitili za familia kifunge pia ngitili ya jumuiya, na kanuni zake ziseme waziwazi wasio na mifugo watapata nini humo: siku za kuni, nyasi za kuezekea, mahali pa kuweka mizinga.

Msitu wa hifadhi wa kijiji

Hii ndiyo njia yenye karatasi nyingi, na ndiyo yenye nguvu kubwa kuliko zote pale panapokuwa na msitu uliochoka lakini bado upo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 zinakipa kijiji mamlaka ya kutenga msitu kwenye ardhi yake, kuusimamia, kutoa vibali, kutoza faini na kutumia mapato. Zaidi ya asilimia 40 ya misitu yote nchini iko kwenye ardhi ya vijiji, na sehemu kubwa yake bado haijatengwa na mtu yeyote. Msitu usiotengwa ni wa anayewahi na shoka.

Wazo hili lilianza na vijiji kabla ya kuwa sheria. Babati, katika misitu ya Duru-Haitemba yenye hekta kama 9,000, Serikali ilikuwa na mpango wa kuifanya hifadhi yake. Watu walipoona mipaka inapimwa waliamini msitu unaondoka mikononi mwao, na uvunaji ukaongezeka. Kati ya 1994 na 1995 mpango ukageuzwa na vijiji vinane vikakabidhiwa msitu wao. Vikaweka mipaka yake, walinzi wake na kanuni zake, na msitu ukaanza kupona. Mfano huo ndio uliosaidia kuifikisha nchi kwenye sheria ya 2002.

Kazi yake iko hivi. Mkutano mkuu wa kijiji unaamua, kamati ya maliasili inachaguliwa, mipaka inatembelewa pamoja na vijiji jirani, mpango wa usimamizi unaandikwa, na sheria ndogo zinapitishwa kijijini kisha kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Ni vizuri mpango wa matumizi bora ya ardhi uwe umetangulia. Kwa kisiki hai unaweza kuanza kesho asubuhi. Hapa unaweza kumaliza mwaka na zaidi kabla ya muhuri wa mwisho, na mara nyingi utahitaji msaada wa wilaya au shirika kwa gharama za upimaji. Msikate tamaa njiani. Karatasi hizo ndizo zitakazosimama mahakamani siku mtu mwenye fedha atakapokuja na msumeno.

Kilwa wamefika mbali. Mwaka 2009, vijiji vilivyofanya kazi na mradi wa uhifadhi wa mpingo vilikuwa vya kwanza barani Afrika kupata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha usimamizi mzuri wa misitu, kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii, na gogo la mpingo ambalo zamani lilitoka kwa bei ya kutupa likaanza kuacha fedha kwenye mfuko wa kijiji. Kilosa walichukua njia ambayo wengi waliiogopa: mkaa. Chini ya mradi wa mkaa endelevu ulioanza 2012, sehemu tu ya msitu wa kijiji inatengwa kwa mkaa na kugawanywa katika viploti vya mita 50 kwa 50, ambavyo vinakatwa kwa kupishana kama ubao wa drafti. Mzunguko ni miaka 24. Kiploti kinachokatwa leo kinaachwa kichipue kutoka kwenye visiki vyake mpaka zamu yake irudi, na ada ya kila gunia inaingia kijijini. Hapa unaona mambo yanavyoungana, maana mkaa endelevu ni kisiki hai kwa ukubwa wa msitu. Bila visiki kuachwa vizima na bila moto kuzuiwa, hesabu ya miaka 24 haina maana.

Hatari ya njia hii haitoki msituni. Inatoka kwenye daftari la mapato. Kamati ikikaa miaka bila kuchaguliwa upya, risiti zikikosekana, watu wakiona mlinzi hajalipwa huku kiongozi ana pikipiki mpya, msitu unaanza kukatwa usiku na wale wale waliopiga kura kuutenga. Mkutano mkuu unatakiwa kukutana kila miezi mitatu. Mapato na matumizi ya msitu yasomwe pale, kwa sauti, kabla ya ajenda nyingine.

Miche ina nafasi yake

Nisieleweke kama mpinzani wa kupanda. Kwenye nyanda za juu kusini, Mufindi, Njombe na Makete, miti ya kupanda imesomesha watoto na kujenga nyumba za matofali. Pale ardhi ilikuwa ya nyasi au mashamba yaliyochoka, mvua ni za uhakika, na soko la mbao na nguzo lipo. Mtu mwenye ekari tatu za misindano ana akiba ambayo benki nyingi hazimpi.

Ila tuuite kwa jina lake: shamba la miti. Haliwezi kukupa uyoga, dawa, matunda pori na kamba za magome kama msitu wa asili. Mapato yake yanakuja mara moja, baada ya subira ndefu. Msindano wa mbao nzuri unataka miaka 18 au zaidi, lakini wakulima wengi, wakibanwa na ada ya shule au ugonjwa, wanauza kwa dalali ukiwa na miaka 10 au pungufu, wakati mti ndio unaanza kunenepa. Kiangazi kikikolea, moto wa jirani mmoja anayesafisha shamba unaweza kumaliza kazi ya kijiji kizima katika mchana mmoja, kwa hiyo barabara za moto ni sehemu ya gharama tangu mwanzo. Mkaratusi usipandwe kwenye chanzo cha maji wala pembeni ya vinyungu, yaani bustani za mabondeni. Mahali pa maji panahitaji miti ya asili ya pale pale.

Mahali pengine miche inapostahili ni kuzunguka nyumba na mipakani mwa shamba: maembe, maparachichi, mgrivea wa kuni na mbao. Hapo kila mche una mwenye nyumba anayeuona kila asubuhi. Na ardhi isiyo na kisiki wala mzizi, bila shaka.

Zikiwekwa pamoja

| Njia | Ardhi inayoifaa | Faida ya kwanza | Kinachoiua |
|---|---|---|---|
| Kisiki hai | Shamba lenye visiki vinavyochipua | Kuni, mwaka wa kwanza | Mifugo baada ya mavuno. Shamba la kukodi |
| Ngitili | Nchi ya malisho yenye kiangazi kirefu | Majani, kiangazi cha kwanza | Wenye ardhi kubwa kujichukulia yote |
| Msitu wa kijiji | Msitu uliobaki, hata uliochoka | Asali na faini. Mkaa au mbao baada ya mpango | Mapato yasiyosomwa hadharani |
| Miche | Ardhi tupu, mvua za kutosha, soko la mbao | Miaka mingi, isipokuwa matunda | Ukame, moto, kuuza mapema |

Asali nimeiweka kwenye msitu wa kijiji, lakini mizinga inafaa kokote nyuki wanakopata maua na maji, na ni kazi inayowapa vijana wasio na ardhi sababu ya kuupenda msitu. Anayetundika mizinga atakuwa wa kwanza kupiga kelele akiona moto.

Kuhusu biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ukaa ambayo msitu unaihifadhi, kwa sababu sasa kila kijiji kinaisikia. Ni kweli vijiji vinane vya wilaya ya Tanganyika, Katavi, vinapata fedha za kaboni na vimejenga madarasa na zahanati. Lakini wale walikuwa na msitu mkubwa wa asili uliosimama, na wanalipwa kwa kuzuia usikatwe. Kijiji kinachoanza na mlima mtupu kiko mbali na hapo. Msichague njia kwa ahadi ya kaboni, na msisaini mkataba wa miaka mingi ambao mwanasheria wa halmashauri hajausoma mbele yenu.

Nani achague nini

Kama ninyi ni wakulima wa eneo kame, mashamba ni yenu na visiki vipo, anzeni na kisiki hai msimu huu. Msingoje mradi. Kaya kumi zinazopakana zinatosha, mradi zikubaliane kuhusu mifugo, kwa sababu shamba moja lililozungukwa na mbuzi wa majirani litashindwa.

Kama utajiri wenu ni ng'ombe, ngitili ndiyo itakayodumu, hata kama si Wasukuma na kwenu ina jina jingine. Wamasai wana olopololi, malisho yaliyotengwa kwa ndama na mifugo dhaifu, na maelewano ya namna hiyo yapo kwa wafugaji wengi. Anzeni na utaratibu wenu wenyewe, kisha upelekeni kwenye sheria ndogo.

Kama kijiji bado kina msitu, hata umebaki vichaka, tengeni kisheria kabla ya kufanya jingine lolote. Kila mwaka wa kuchelewa unapunguza kitu cha kutenga. Wakati karatasi zinazunguka wilayani, familia zinaweza kuwa zinaendelea na kisiki hai mashambani ili haja ya kuni isiwasukume kurudi kwenye msitu mnaoulinda.

Na kama mpo nyanda za juu, ardhi haina visiki na barabara ya kufikisha mbao sokoni ipo, pandeni miti. Tengeni sehemu kwa miti ya muda mfupi ya nguzo na kuni ili ada ya shule isivune misindano yenu michanga, na vyanzo vya maji viachieni miti ya asili.

Mfadhili akija na lori la miche katikati ya haya yote, mpokeeni kwa heshima. Mtembezeni kwenye eneo mliloliona wenyewe, mwonyesheni machipukizi, halafu mwombeni fedha ile ya viriba na maji igeuzwe kuwa posho ya walinzi wa miaka mitatu, upimaji wa mipaka na mizinga. Miche aliyokuja nayo igawiwe kaya kwa kaya, kila mti na jina la mwenye nyumba atakayeutunza, na mgawo huo uandikwe kwenye muhtasari wa mkutano mkuu.